Mkwe Nyuma ya Turubai

Kling'! Mfuniko wa sufuria uligonga sakafu ya jikoni, ukazunguka gizani, ukanyamaza.

Wiki nzima, msomaji, Tupokigwe amesimama hapo na mchi wa kutwangia ameuinua juu ya kichwa cha mwizi. Wewe umekula, umelala, umekwenda kanisani au umesingizia mafua. Yeye mikono imekufa ganzi. Tumruhusu aushushe.

Akaushusha.

Pwaa! Mchi ulikita juu ya sanduku la bati. Mwizi aliruka, akapiga kelele, na kelele yenyewe ilikuwa ya Kiingereza.

Mwanjelwa nzima, hapa Mbeya mjini, mwanamume anayeshtuka kwa Kiingereza alikuwa mmoja tu.

"Asukile!"

"Ungeniua, mama Ikupa!"

"Ningekuua vizuri tu. Mume ana kitanda chake, jikoni alfajiri anatafuta nini kama panya?"

Aliwasha kibatari. Mume wake huyo hapo: koti la chuo mwilini, ndizi mbili za kiporo mkononi, na sanduku limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee.

"Unakwenda wapi?"

"Mbalizi."

"Kuna nini Mbalizi?"

Asukile alitazama ndizi zake. "Lori la migodi. Linachukua watu asubuhi hii. Wale wananitaka."

Tupokigwe aliketi juu ya sanduku. Akalikalia kwa uzito wake wote, na uzito aliokosa akauongeza kwa hasira.

Sasa, kwa yule ambaye gazeti lake la juma lililopita muuza dagaa alilifanya kifungashio, haya ndiyo mambo yenyewe. Asukile ni mwanafunzi wa chuo huko Bara Hindi, anasomea kuganga ng'ombe. Miaka mitatu ameimaliza, umebaki mmoja. Mwaka ule wa hamsini na sita alirudi nyumbani kumzika mama yake. Akiwa huku analia, wakubwa wa pande zote mbili za bahari wakabadili sheria. Mwanafunzi wa nje akishatoka, harudi chuoni bila kibali kipya. Na kibali hakitoki mpaka mdhamini wake aape kwamba kijana atarudi kwao, na mke wake aape kwamba hatamfuata ng'ambo. Wote wawili mbele ya Afisa wa Uhamiaji. Chumba kimoja, wakati mmoja.

Chumba kimoja! Aliyeitunga sheria hiyo hakupata kuoa Rungwe.

Mdhamini wa Asukile ni baba yake, Mzee Anania. Na Unyakyusani mwanamke haonani na baba wa mumewe. Haonani naye kabisa. Mzee akitokea njiani, mkwe anaingia migombani, au anachuchumaa na kujifunika kanga mpaka hatua zipite. Si chuki hiyo, ni heshima. Mchungaji amehubiri weee kwamba mambo hayo sasa basi, na Mzee Anania aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Lakini Mzee Anania ni mzee wa kanisa Jumapili. Jumatatu ni Mnyakyusa. Na siku ya kwenda bomani ilikuwa Jumatatu.

Basi Jumatatu hiyo, siku moja kabla ya mchi kuinuliwa, Tupokigwe alikuwa ameketi vizuri mbele ya Afisa, akasikia kikohozi cha mkwe mlangoni. Afisa alipoinua macho kutoka kwenye karatasi, kiti kilikuwa kitupu, dirisha limejaa matako ya mtu anayetoka, na kiatu kimoja kimebaki kwenye wino.

"Mke anamkimbia mdhamini?" Afisa alisema. "Huu ni ulaghai." Akafunga jalada, akapanda gari, akaelekea Iringa.

Turudi jikoni.

"Nimeijua mishipa yote ya ng'ombe," Asukile alisema, "halafu nashindwa na dirisha."

"Dirisha lilikuwa wazi. Ulitaka nifanyeje?"

"Ungefumba macho!"

"Na kivuli chake kingenigusa je?"

"Huko ninakosoma watu hawana mambo hayo."

"Huko unakosoma ng'ombe haliwi, na mimi sijawacheka."

Asukile alikaa kwenye kinu. "Mama Ikupa, sikia. Mwenye kitabu wanamtafutia sheria mpya kila mwezi. Mwenye mabega wanamuuliza tu kama anakohoa, halafu wanampa blanketi. Nipishe nichukue sanduku."

"Halitoki."

"Utalikalia mpaka lini?"

"Mpaka uwe daktari." Kisha alipunguza sauti, maana mtoto alikuwa amelala chumbani. "Umebakiza mwaka mmoja, baba Ikupa. Mwaka ni nini? Mimba moja na kunyonya kidogo. Mimi hiyo miaka mitatu nimelala na mtoto wa mateke, nikiambiwa na kila mwenye mdomo kwamba umeoa Mhindi. Sikuvumilia hayo yote ili nije kuwa mke wa mchimba shimo."

Asukile alifungua mdomo ajibu.

Nje, uani, mtu alikohoa. "Kho! Kho-kho!"

Kikohozi cha pili hakijaisha, Tupokigwe alishakuwa nyuma ya pazia la chumbani, kanga kichwani. Sanduku likabaki peke yake, na Asukile hakuthubutu kuligusa.

Mzee Anania hakuingia. Alisimama uani, mgongo ameuelekeza mlangoni, akawa anahutubia mgomba wa jirani.

"Ikupa! Mke wangu mdogo, umeamka?"

Ikupa, binti wa miaka minne, alikuwa ameamshwa na mchi, akaamshwa tena na kikohozi. Alitoka akijikuna. "Nimeamka, babu. Ugonile?"

"Nimelala, lakini vibaya. Mwambie mama yako nimesikia yote. Ukuta wa matofali mabichi hauna siri."

Ikupa aliingia, akatoka. "Anasema shikamoo."

"Marahaba. Mwambie, jana alifanya vizuri. Mkwe wangu ana adabu. Sheria ndiyo haina."

Nyuma ya pazia Tupokigwe alijiziba mdomo. Usiku kucha alikuwa akiogopa jambo hilo moja: kwamba yule mzee, aliyemzika mkewe juzi, atasema huyu mwanamke ndiye aliyemharibia mwanangu. Alilia kidogo. Halafu akacheka, kwa sababu uani mzee alikuwa bado anaendelea.

"Na mwambie baba yako, akiligusa lori la migodi nitamlaani kwa Kinyakyusa, kisha nitamlaani kwa kitabu cha nyimbo. Fanueli anapeleka viazi Iringa, gari lake linanguruma pale sokoni. Tunamfuata yule Afisa. Sote."

"Sote?" Asukile alisema. "Katika lori moja? Wewe na yeye?"

"Lori lina mbele na lina nyuma," alisema Mzee Anania. "Mungu si mjinga."

*

Barabara sitakueleza. Ukitaka kuijua, kaa ndani ya kinu, mwambie mtu atwange.

Mbele walikaa Fanueli, mwenye lori, halafu Mzee Anania, halafu Asukile na Ikupa mapajani. Nyuma, chini ya turubai, vilikaa viazi na Tupokigwe. Fanueli alikuwa mtu wa kanisa lile lile na wa kabila lile lile, hakuhitaji kufundishwa. Mzee akitaka kushuka kujinyoosha, honi mara mbili: Tupokigwe anajifunika. Mzee akishapanda, honi mara moja: Tupokigwe anapumua.

Mpango ulikwenda vizuri mpaka mbuzi wa Chimala walipoingia barabarani. Fanueli aliwapigia honi mara mbili. Tupokigwe akazama. Mbuzi wakakataa kupisha, akapiga mara nne. Tupokigwe akazama zaidi, akijiuliza mzee anashuka mara ngapi na tumbo lake lina nini.

Makambako, mama mmoja wa sokoni alichungulia nyuma ya lori kutafuta viazi vikubwa.

"We Fanueli! Viazi vyako vina miguu!"

"Mbegu mpya, dada. Ya Serikali."

"Kimoja kinapiga chafya!"

"Ndiyo maana nasema ya Serikali."

Walilala njiani, na asubuhi iliyofuata lori liliingia Iringa likitoa moshi kama kiwanda. Asukile aliruka kabla halijasimama, akakimbilia bomani. Mlangoni alikuwepo karani, Kalinga, Mhehe mrefu mwenye kalamu sikioni, anakunywa uji.

"Bwana Afisa wa Uhamiaji yuko?"

"Alikuwepo."

"Yuko wapi?"

"Vumbi lake lile pale, bado liko hewani. Anakwenda pwani, kisha likizo Ulaya."

"Na mwingine anakuja lini?"

"Baada ya mvua, wakipenda."

Asukile alishika ukuta. Baada ya mvua! Meli ingekuwa imeondoka, chuo kimefunguliwa, na nafasi yake amepewa mtu asiyejua hata ng'ombe ana matumbo mangapi.

Fanueli alifika anahema. "Ameondoka?"

"Nyie watu wa ndizi," Kalinga alisema, akilitazama lile lori, "mnamkimbiza mzungu kwa gari la viazi?"

"Afadhali viazi, Kalinga. Nyie mngemkimbiza kwa mkuki."

Kalinga alicheka mpaka uji ukamwagika. Utani ukishampendeza Mhehe, mlango umefunguka. "Haya, kimbieni. Pwani hamtamfikia, ila Ilula mtampata. Yule bwana hapiti Ilula bila kula nyanya. Anazipenda kuliko mama watoto wake."

Lori liligeuka kabla hajamaliza sentensi.

*

Na kweli. Ilula, pembeni ya barabara, gari la Serikali limesimama, mlango wazi, mkebe wa biskuti juu ya boneti. Bwana Afisa alikuwa amesimama mbele ya meza ya Tekla, muuza nyanya, anauma nyanya kama embe, maji mekundu yakimtiririka mpaka kwenye vifungo vya shati.

Alimwona Tupokigwe anashuka nyuma ya lori, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

"Wewe! Mama wa dirisha!"

"Bwana," Asukile alisema, kofia mkononi, "mdhamini yupo, mke yupo. Tunaomba kibali."

"Ofisi imefungwa."

"Hata meza hii inatosha, bwana. Mama huyu atatupisha nyanya kidogo."

Tekla alisogeza nyanya zake upesi. Hakuna anayekataa sinema ya bure.

Afisa alijifuta kidevu. "Sheria sikuitunga mimi. Sheria inasema wote wawili mbele yangu, wakati mmoja. Huyu mama aliruka dirisha. Leo ataruka nini?"

Fanueli alipiga honi mara mbili. Mzee Anania alikuwa anashuka.

Tupokigwe alijirusha nyuma ya tairi, kanga usoni.

"Mnaona?" Afisa alisema. "Mnaona? Anamwogopa! Mzee huyu anampiga?"

"Sijapata kumwona," alisema Mzee Anania, amegeukia milima ya Kilolo. "Nitampigaje?"

"Hujapata kumwona mke wa mwanao?"

"Mungu anilinde."

Afisa aliichukua nyanya ya pili, akairudisha. Asukile alijua dalili hiyo. Mtu akirudisha nyanya, anaondoka. Kijana alianza kusema haraka haraka, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, akaeleza mila, mababu, mafiga, yote. Afisa alikuwa tayari ameshika mlango wa gari.

Sauti ya Tupokigwe ikatoka nyuma ya tairi.

"Bwana mkubwa, naomba kuuliza. Wewe unatakiwa utuone sisi sote?"

"Ndiyo."

"Na sisi tunatakiwa tuonane?"

Mkono wa Afisa ulibaki mlangoni. Alifikiri. Alikuwa mtu mgumu, lakini mwongo hakuwa. "Hapana," alisema polepole. "Hilo halikusemwa."

"Ndaga, asante bwana. Fanueli! Teremsha turubai."

Walilifunga turubai upande mmoja kwenye ubavu wa lori, upande wa pili kwenye nguzo ya kibanda cha Tekla. Huku wakamweka Mzee Anania juu ya debe. Huko wakamweka Tupokigwe juu ya gunia. Bwana Afisa mwenyewe wakamsimamisha pale pembeni, pua yake kwenye ncha ya turubai, jicho moja huku, jicho moja huko, kama kinyonga anayeona nzi wawili.

Wauza nyanya wote wa Ilula walikuwa wameshakuja.

"Jamani!" Tekla alisema. "Padri wetu anaungamisha mmoja mmoja. Huyu anaungamisha wawili!"

"Kimya!" alisema Afisa, na jicho la kushoto likacheka kabla ya lile la kulia. "Mzee. Unaapa kwamba mwanao akimaliza masomo atarudi nchini?"

"Atarudi. Ng'ombe wangu wanamsubiri."

"Ng'ombe si mashahidi."

"Kwenu."

"Apa, mzee!"

"Naapa. Nimemzika mama yake, mimi si mtoto wa kucheza na kiapo."

Afisa alimpa wino, mzee akatia dole gumba, akalifuta kwenye suruali.

"Mama. Unaapa kwamba hutamfuata mumeo ng'ambo?"

"Nikimfuata, viazi vitalimwa na nani?"

"Ndiyo au hapana?"

"Sitamfuata, bwana. Naapa. Nitamngoja." Na neno hilo la mwisho hakuulizwa, lilitoka tu. Asukile, aliyekuwa amesimama kando, alitazama viatu vyake.

Afisa alisogeza wino. Tupokigwe hakutoa dole. "Naomba kalamu," alisema. Madarasa ya jioni ya misheni hayakuwa bure. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja, ulimi nje kidogo, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Vizuri," alisema Afisa. "La mwisho. Taja jina la mdhamini, kwa sauti, nijue kwamba unamfahamu."

Msomaji, hapo ndipo Ilula yote ilipogeuka jiwe.

Maana mwanamke wa Kinyakyusa hataji jina la baba mkwe. Halitaji akiwa shambani, halitaji akiwa na homa, halitaji hata akisoma Biblia na jina lenyewe limeandikwa humo. Analiruka, anaendelea na mstari wa pili.

"Ni babu yake Ikupa," alisema Tupokigwe.

"Jina."

"Ni baba wa mume wangu."

"Jina, mama."

"Ni yule wa upande wa pili. Mwenye kikohozi."

"Jina!"

Asukile alishika kichwa. "Taja tu! Mungu atasamehe! Mara moja tu, mama Ikupa, kwa ajili yangu!"

Nyuma ya turubai mzee hakukohoa. Hakusema taja, hakusema usitaje. Tupokigwe aliwaza meli. Aliwaza lile lori la Mbalizi, na mabega ya mume wake, na shimo. Jina lilikuwa mdomoni, lote zima, limekaa juu ya ulimi kama kaa la moto. Alifungua mdomo.

Halikutoka. Akaufunga.

Afisa alianza kuifunga kalamu yake.

"Ngoja, bwana!" Tupokigwe alimkamata Ikupa aliyekuwa anapita na nyanya ya wizi, akamketisha juu ya magoti. "Huyu nimemzaa mimi. Amefundishwa kusema na mimi. Anachokijua kakijua kwangu. Muulize yeye, mbele yangu, na mimi nitaitikia."

Afisa alipumua kwa nguvu. Alitazama jua, akatazama barabara ya pwani, mwisho akainama. "Mtoto. Babu yako anaitwa nani?"

Wajukuu na babu ni watani, hawana mwiko wowote.

"Anania!" Ikupa alipaza sauti. "Anania wa meno mawili!"

"Ndiyo huyo," Tupokigwe aliitikia, macho chini.

Ilula ikapasuka kwa kicheko. Tekla alikalia nyanya zake mwenyewe. Nyuma ya turubai Mzee Anania alicheka mpaka debe likapinduka naye, akacheka akiwa chini. Na Bwana Afisa, hakika, naye alicheka, mabega yakimtikisika, akaenda kwenye boneti na kumletea Ikupa biskuti.

"Umesema vizuri," alimwambia. "Mtu akisema vizuri anapewa."

Kisha alikunjua karatasi ya kibali juu ya meza ya Tekla, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akauinua.

Asukile alifumba macho. Tupokigwe aliyafumbua yake yote. Aliona mwaka mmoja tu, mfupi, unapita kama wingu la Mbeya. Aliona basi linasimama Mwanjelwa, na mtu anashuka na mkoba wa dawa, na watoto wanakimbia wakipiga kelele kwamba daktari amerudi. Hajawahi kuiona siku hiyo karibu namna ile.

Ikupa alikuwa amemaliza biskuti. Alilamba kidole, akautazama mkebe. Njia nzima toka Mbeya alikaa mapajani mwa baba yake. Babu akisinzia, baba na Fanueli walizungumza, na yeye alisikiliza. Alimvuta Bwana Afisa mkono wa shati.

"Baba alisema akifika huko harudi tena."